Kazi na safari kwenye nchi ya dubu: mwongozo kamili wa kujikinga, kuanzia kiunoni hadi jikoni

Kila msimu wa joto ndugu zetu huingia porini Alberta na British Columbia kule Kanada, Montana na Alaska kule Marekani. Wapo wanaopanda miche ya miti, wanaofyeka chini ya nyaya za umeme, wanaopima ardhi, wanaosafisha samaki kwenye viwanda vya pwani, na familia zinazotoka mjini Jumamosi kwenda kuona milima. Mafunzo wanapewa, karatasi wanaweka sahihi. Bado makosa ni yale yale: kopo la pilipili ya kumpulizia dubu limezama chini ya begi, na chakula kimelala hemani pamoja na mwenyewe.

Nimeandika kwa ajili ya makosa hayo mawili. Usalama mbele ya dubu hutengenezwa kabla hujamwona. Ukikutana naye huku mikono mitupu, au kambi yako ikinuka dagaa, ujuzi wa kusoma tabia zake utakufaa kidogo tu. Kwa hiyo soma hatua za mwanzo kwa makini kuliko za mwisho, ingawa za mwisho ndizo watu wanazopenda kusimuliana.

Wengi wetu tumekulia karibu na simba, tembo, nyati au kiboko, na tunakuja na maarifa ya kweli. Baadhi yanafaa hapa vilevile: usikimbie, usimzibie mnyama njia, usiingie kati ya mama na watoto wake. Mengine yatakuponza. Kumkwepa nyati kwa kupanda mti ni busara. Dubu mweusi hupanda mti haraka kuliko wewe, na hata grizli, yaani dubu wa kahawia, huweza kupanda.

## Vifaa: andaa hivi kwanza

Kopo la pilipili ya dubu, moja kwa kila mtu mzima. Si moja kwa kikundi. Angalia lebo: iandikwe wazi kwamba ni la dubu, lisiwe chini ya gramu 225, na lirushe angalau mita 7.5 kwa sekunde 6 au zaidi. Marekani liwe limesajiliwa na EPA, shirika la serikali la mazingira. Kanada makopo haya husajiliwa na Health Canada, idara ya afya ya serikali. Vichupa vidogo vya kujikinga na wahalifu havifai kwa dubu, na Kanada dawa ya pilipili iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu ni silaha iliyopigwa marufuku.

Ala ya kopo, ya kuvaa kiunoni au kifuani.

Kopo la mazoezi, lenye hewa tu bila pilipili. Maduka ya vifaa vya kambi huliuza.

Chombo cha chakula ambacho dubu hafungui. Kamati ya serikali ya Marekani inayoshughulikia grizli, IGBC, huidhinisha vyombo vilivyojaribiwa kwa kupewa dubu halisi wa kituo cha West Yellowstone, Montana, wavichezee na kuving'ata. Tafuta alama yake. Kisanduku cha barafu cha kawaida dubu hukifungua bila shida.

Kamba ya mita 15 au zaidi na mifuko imara, kama eneo lako linaruhusu kuning'iniza chakula.

Tochi ya kichwani, redio ya upepo au kifaa cha setilaiti, kwa sababu simu ya kawaida hukosa mtandao pale hasa unapoihitaji.

Huduma ya kwanza ya damu: bandeji za kubana na mkanda wa kufunga mkono au mguu unaovuja damu nyingi.

Uzio wa umeme wa betri, kwa kambi itakayokaa siku nyingi. Huu ni msaada mkubwa ambao wakuu wa kazi wengi huusahau. Uombe.

Kengele ndogo za kufunga kwenye begi usinunue. Mlio wake ni mdogo mno, haufiki mbali.

## Hatua ya 1: Jua dubu gani wanaishi unakokwenda

Dubu mweusi yuko karibu kote: mikoa yote ya Kanada isipokuwa Prince Edward Island, na sehemu kubwa ya Marekani. Grizli, ambaye ni dubu wa kahawia, yuko Alaska, Yukon, British Columbia, magharibi ya Alberta, Montana, Wyoming na Idaho.

Rangi haikusaidii. Kwenye milima ya Rockies "dubu weusi" wengi ni wa kahawia au rangi ya mdalasini, na grizli wengine ni weusi kabisa. Tazama umbo. Grizli ana nundu ya misuli juu ya mabega, uso uliobonyea katikati, masikio mafupi ya mviringo, na kucha ndefu za mbele za sentimita 5 hadi 10. Dubu mweusi hana nundu, uso wake umenyooka kutoka paji hadi pua, masikio yake yamesimama, na kucha zake ni fupi zilizopinda.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu dubu akishakushika mwilini, jibu la mmoja si jibu la mwingine.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kumweleza mwenzako tofauti hizo bila kutaja rangi.

## Hatua ya 2: Kopo kiunoni, na mkono uliozoea

Hapa ndipo pa kutumia muda.

Dubu hukimbia takriban kilomita 55 kwa saa. Maana yake, mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili. Ndani ya sekunde hizo huwezi kuvua begi, kufungua zipu na kupekua chini ya koti la mvua. Kopo lililo ndani ya begi ni sawa na lililobaki dukani.

Fanya hivi:

1. Vaa ala upande wa mkono unaoutumia zaidi, au kifuani kama mkanda wa begi unaziba kiuno. Ivae juu ya koti, isifunikwe.
2. Chomoa kopo, lishike kwa mikono miwili.
3. Kwa kidole gumba, vuta nyuma pini ya usalama iliyo juu ya kifyatulio.
4. Lenga mbele na chini kidogo, kama unataka kupiga kifua cha mnyama anayekuja. Watu wengi hurusha juu mno, wingu likampita dubu kichwani.
5. Bonyeza kwa sekunde mbili, achia, tazama.

Rudia kwa kopo la mazoezi mpaka mkono ufanye wenyewe. Rudia ukiwa umevaa glavu za kazi, umebeba mzigo, umechuchumaa. Wapandaji miti wafanye wakiwa na mifuko ya miche kiunoni, kwa kuwa ndiyo inayozuia mkono kufikia kopo.

Umefaulu kama ndani ya sekunde mbili kopo limetoka, pini imeondoka na mikono imelenga, bila macho kushuka kutazama.

Tahadhari. Kopo lisiachwe juu ya dashibodi au popote ndani ya gari lililoanikwa juani. Likipita nyuzi joto 50 hivi linaweza kupasuka. Kwenye baridi kali msukumo wake hupungua, hivyo liweke ndani ya koti usiku. Kwenye helikopta lisikae mkononi: rubani ataonyesha chombo cha kulifungia, maana pilipili ikivuja angani atashindwa kuona.

Usipulizie hema, nguo wala ngozi. Hii si dawa ya mbu. Pilipili hufanya kazi ikiwa wingu usoni mwa mnyama. Ikishakauka ardhini au kwenye kitambaa, harufu yake huwavuta dubu waje kunusa na kujiviringisha. Watafiti wameliona hilo Alaska.

## Hatua ya 3: Kabla ya kutoka

Uliza walinzi wa hifadhi au msimamizi: dubu wameonekana wapi wiki hii? Kuna njia iliyofungwa? Njia iliyofungwa mara nyingi ina mzoga au mama mwenye watoto. Usiipite hata kama mkato wake ni mzuri.

Jua pia msimu. Wakitoka kwenye usingizi wao mrefu wa majira ya baridi, majira ya kuchipua, dubu hutafuta majani mabichi na mizoga ya wanyama waliokufa kwa baridi. Samaki aina ya samoni wakipanda mito ya Alaska, dubu hushuka mtoni. Mwisho wa kiangazi na majira ya majani kupukutika ndiyo wakati wao wa kujaza mafuta mwilini: dubu mmoja aweza kula hadi kalori 20,000 kwa siku, na akili yake yote iko kwenye chakula. Vichaka vya matunda madogo mwezi wa nane ni meza yake. Kama kazi yako ni humo, ongeza umakini mara mbili.

Mwachie mtu habari: mnakwenda wapi, mnarudi saa ngapi, nani ana redio.

## Hatua ya 4: Piga hodi

Mashambulizi mengi ya grizli huanza kwa mshtuko: mtu ametokea ghafla mita chache, dubu hana nafasi ya kuondoka, anajitetea. Dubu aliyekusikia mapema kwa kawaida huondoka, na hutajua hata kama alikuwepo.

Kwa hiyo ongea. Sauti ya binadamu yoyote inatosha, na Kiswahili chako kinafaa kabisa. Paza sauti na piga makofi hasa kwenye kona usizoona mbele, kando ya mto unaovuma, upepo ukikupiga usoni, na kwenye vichaka vizito. Hapo ndipo yeye hakusikii wala kukunusa.

Tembeeni watatu au zaidi, karibu karibu. Watoto wawe katikati. Epuka alfajiri na magharibi ukiweza. Vipokea sauti vya masikioni viache kambini. Wanaokimbia mazoezi na wanaoendesha baiskeli wamo kwenye hatari zaidi kuliko wanavyodhani, kwa kuwa wanakwenda kasi na kimya.

Sasa, upande wa kazi. Wengi huamini kwamba chensoo ikinguruma dubu atakimbia. Mara nyingine hakimbii, na wewe mwenye vizuia kelele masikioni humsikii. Mtu mmoja awe mlinzi: asishike mashine, asimame anapoona pande zote, kopo kiunoni, na wakubaliane ishara ya mkono ya kusimamisha kazi. Wapima ardhi wanaochungulia kwenye darubini ya vipimo nao wanamhitaji mtu huyu. Msimamizi akisema hakuna mtu wa ziada, mpokezane kila nusu saa.

Mwenye mbwa amfunge kamba. Mbwa aliyeachiwa humchokoza dubu, kisha hukimbilia kwa bwana wake, dubu nyuma.

Dalili za kusoma njiani: nyayo, kinyesi kilichojaa mbegu, magogo yaliyopinduliwa, magome yaliyokwaruzwa. Hizi zinakutaka uongeze sauti. Lakini ukiona kunguru wengi wamekusanyika, ukasikia harufu ya kuoza, au ukakuta rundo la udongo na majani lenye mfupa unaochungulia, rudi ulikotoka saa hiyo hiyo. Grizli hufukia mzoga wake na kulala jirani kuulinda. Usisogee kupiga picha.

## Hatua ya 5: Kambi na chakula

Kama ningeruhusiwa kusisitiza hatua moja tu, ni hii. Dubu aliyewahi kula chakula cha watu hurudi, hupoteza woga, na mara nyingi mwisho wake ni kupigwa risasi na mamlaka. Kwa hiyo kufunga chakula kunalinda maisha yako, ya atakayelala hapo kesho, na ya dubu mwenyewe.

Panga pembe tatu. Pa kulala, pa kupikia na pa kuhifadhia pawe mbali, karibu mita 100 kutoka sehemu moja hadi nyingine. Jiko liwe upande ambao upepo unapeleka harufu mbali na mahema. Usipige hema juu ya njia ya wanyama, kando ya mto wenye samaki, wala katikati ya vichaka vya matunda.

Jua nini ni "chakula". Kwa pua ya dubu, kila chenye harufu ni chakula. Dagaa, samaki wakavu, mawese, karanga, sukari: hayo unayajua. Ongeza dawa ya meno, sabuni, mafuta ya mwili na ya nywele, mafuta ya midomo, dawa za kikohozi, pedi zilizotumika, chakula cha mbwa, makopo matupu na mfuko wa taka. Sufuria iliyoshika ukoko wa ugali nayo imo.

Dagaa wanastahili maneno yao. Nawapenda, na najua kwa nini tunawabeba: hawaozi, ni wepesi, wanatosha kitoweo cha wiki. Lakini harufu yao hupenya mfuko wa plastiki, hushika begi, hushika koti, hubaki baada ya dagaa kuisha. Kama lazima uwabebe, wapakie nyumbani ndani ya mifuko miwili inayofungwa kwa kubana, kisha ndani ya chombo kigumu cha dubu, na wasitoke humo ila wakati wa kupika. Begi lililowahi kubeba dagaa wazi lisiingie hemani. Kwenye nchi ya grizli mimi huona heri kuacha dagaa nyumbani na kubeba maharage na mchele.

Pika, kula, badili nguo. Nguo ulizopikia hazilali nawe. Ziweke pamoja na chakula. Pika kiasi kinachoisha. Mabaki usiyafukie wala kuyachoma nusu nusu: dubu hufukua, na majivu yenye mafuta bado yananuka. Yafunge, yabebe kama taka. Maji ya kuoshea vyombo yachuje, makombo yaingie kwenye taka, maji yamwagwe mbali na mahema na angalau mita 60 kutoka mtoni.

Hifadhi. Mpangilio wangu wa upendeleo ni huu: kabati la chuma la kambi kama lipo, kisha chombo kigumu kilichoidhinishwa, kisha kuning'iniza. Ukining'iniza, mfuko uwe angalau mita 3 juu ya ardhi na mita 1.2 kutoka kwenye shina. Ukiufikia kwa mkono, hata dubu mweusi mdogo ataufikia. Chombo kigumu kiache chini, mbali na mteremko na maji, ili dubu asikisukume kikapotea.

Gari hutegemea mahali. Sehemu nyingine chakula huruhusiwa ndani ya gari lililofungwa vizuri. Hifadhi ya Yosemite, California, hakiruhusiwi usiku, kwa kuwa dubu weusi wa huko hung'oa milango. Popote ulipo, funga milango kwa ufunguo: dubu huweza kuvuta kitasa.

Wavuvi na wawindaji: nyama na samaki visikae kambini. Matumbo ya samaki tupa kwenye maji mengi yaendayo kasi kama kanuni za eneo zinaruhusu, si ufukweni.

Hemani ingiza vitu viwili tu vya ulinzi: kopo na tochi, mahali mkono unapapata gizani. Na ulale ndani ya hema, usilale nje wazi.

Umefaulu hatua hii kama mgeni akizunguka mahema yenu saa tatu usiku hatanusa kitu, na hatakuta hata ganda la ndizi.

## Hatua ya 6: Umemwona

Umbali wa kisheria: hifadhi ya Yellowstone, Marekani, ni yadi 100, yaani mita 91, hifadhi za Kanada hutaka mita 100. Ukimwona mbali naye hajakuona, ondokeni kimya kimya kwa njia mliyojia.

Akikuona, simama. Kusanyikeni. Beba mtoto. Toa kopo na uondoe pini sasa, usisubiri. Ongea naye kwa sauti ya chini na tulivu, punga mikono polepole ajue wewe ni mtu, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua huku ukimtazama. Usikimbie. Kukimbia kunamwamsha kufukuza, na mbio hizo huna. Begi usilivue: linakinga mgongo wako, na ukimwachia chakula umemfundisha somo baya.

Sasa msome.

Dubu anayejitetea ana hofu. Anapuliza pumzi kwa kishindo, anagonganisha taya, mate yanamtoka, masikio yamelala nyuma, anapiga ardhi kwa mguu wa mbele. Pengine ana watoto au mzoga. Anataka nafasi, mpe. Sauti ya chini, rudi nyuma, usimkazie macho.

Dubu anayekufuatilia ni tofauti, na ni wa kutisha zaidi kwa sababu ametulia. Kimya, kichwa juu, masikio mbele, anakuzunguka au anakuja kila unaposogea. Ni nadra, na dubu weusi ndio husimuliwa zaidi kwa tabia hii. Kwa huyu upole hauna kazi: acheni kurudi nyuma, simameni bega kwa bega, pazeni sauti, rusheni mawe, mpulizie akifika umbali wa kopo.

Dubu akisimama kwa miguu miwili, kwa kawaida anataka kuona na kunusa vizuri. Endelea kuongea.

## Hatua ya 7: Anakuja

Simama imara. Mara nyingi ni vitisho: huja mbio, kisha husimama au hupinda pembeni. Huwezi kujua mapema, kwa hiyo usisubiri kujua.

Akifika kati ya mita 18 na 9, bonyeza. Lenga mbele yake na chini kidogo ili aingie mwenyewe ndani ya wingu. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, sogeza shabaha kuelekea upande upepo unakotoka. Ukivuma usoni mwako, bonyeza vilevile: utakohoa, macho yatawaka, lakini yeye atapata zaidi. Pulizia sekunde mbili tatu, bakiza. Akiendelea, lenga usoni.

Akigeuka, ondokeni mara moja bila kukimbia. Usibaki kutazama.

Watu huniuliza juu ya bunduki. Utafiti wa Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao, uliotoka 2008, ulichambua matukio 83 ya Alaska kati ya 1985 na 2006: pilipili ilisimamisha tabia ya hatari ya dubu wa kahawia kwa asilimia 92 na ya dubu weusi kwa asilimia 90, na asilimia 98 ya waliobeba makopo hayo hawakuumia katika matukio ya karibu. Utafiti wao wa 2012 juu ya silaha za moto, pia Alaska, haukukuta waliofyatua wakiumia kidogo kuliko wenye bunduki ambao hawakufyatua. Kumlenga mnyama anayekuja mita 15 kwa sekunde ni kazi ya mtu aliyezoea sana. Kwa mgeni, ambaye pengine kibali chake cha ukaazi hakimruhusu kubeba silaha, kopo ndilo jibu.

## Hatua ya 8: Amekugusa

Grizli anayejitetea: jifanye umekufa, lakini pale tu anapokugusa, si kabla. Lala kifudifudi, begi mgongoni, vidole vimefumana nyuma ya shingo, viwiko chini, miguu imepanuka ili asikugeuze. Akikugeuza, endelea kuviringika mpaka urudi kifudifudi. Nyamaza. Akiondoka, baki hivyo dakika kadhaa. Wengine huumizwa mara ya pili kwa kunyanyuka mapema. Kama anaendelea kukuuma kwa muda mrefu, hajitetei tena: pigana.

Dubu mweusi: usilale. Pigana kwa chochote, jiwe, gogo, kisu, ngumi, ukilenga pua na macho.

Dubu wa aina yoyote aliyeingia hemani usiku au aliyekuwa akikunyemelea: pigana kwa nguvu zote.

Dubu wa barafu ni sura yake. Churchill, Manitoba, hukusanyika mwezi wa 10 na wa 11 wakisubiri Ghuba ya Hudson igande. Huyu usijifanye umekufa. Huko usitoke nje ya mji bila mwenyeji aliyefundishwa na mwenye vifaa.

## Hatua ya 9: Baada ya tukio

Ondokeni eneo hilo kwanza, kisha simamisheni damu: bana jeraha kwa nguvu, na kwa mkono au mguu unaomwaga damu funga mkanda juu ya jeraha. Piga 911 au tumia kifaa cha setilaiti. Kama Kiingereza kinakupotea kwa mshtuko, taja mahali ulipo kwanza, kisha sema "Swahili". Vituo vingi vina njia ya kukuunganisha na mkalimani.

Aliyeingiwa na pilipili asisugue macho. Hewa safi, maji mengi, na sabuni ya vyombo kwenye ngozi, maana pilipili hii ni ya mafuta.

Toeni taarifa kwa hifadhi au mwajiri hata kama hakuna aliyeumia. Wapo wanaonyamaza wakiogopa kulaumiwa au kupoteza kibarua. Taarifa yenu ndiyo inayofunga njia kabla familia nyingine haijapita.

## Ukikaa mjini

Missoula, Montana, ambako Wakongo wengi wamepokelewa, dubu weusi huingia mitaani kufuata taka na matofaa. Pipa litoe asubuhi ya siku ya kuzolewa, si usiku uliotangulia. Okota matunda yaliyoanguka, safisha jiko la nyama choma likiwa bado moto, na ondoa vyombo vya kulishia ndege kuanzia majira ya kuchipua mpaka dubu walale.

## Ukimaliza msimu

Kopo la pilipili halipandi ndege ya abiria, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Nunua ukifika, sehemu nyingine hukodisha. Ukivuka mpaka kwa gari kwenda Kanada, litangaze forodhani, lebo ya dubu isomeke.

Soma tarehe ya mwisho iliyochapishwa ubavuni. Kwa kawaida ni miaka mitatu au minne. Lililo hai mpe mwenzako anayebaki au liache ofisi ya hifadhi. Lililokwisha muda lisitupwe kwenye taka za kawaida wala kutobolewa: uliza kituo cha taka za sumu cha mji wako. Ukitaka kulifyatua kwa mazoezi, fanya mahali pa wazi, upepo mgongoni, mbali na watu, na mbali na popote mtu atakapopiga hema.